Laini Isiyouliza Jina

Kwa miaka kumi na moja nilikaa mbele ya swichibodi ya ofisi moja ya serikali pale Dodoma. Taa ndogo ikiwaka, nachomeka waya, nauliza, "Nikuunganishe na nani?" kisha nachomeka waya wa pili na watu wawili wasioonana wanaanza kuzungumza. Sheria ilikuwa kwamba opereta akishaunganisha anatoka kwenye laini. Lakini palikuwa na kitufe cha kusikilizia, tulichopewa ili tujue kama mazungumzo yamekwisha, na kila opereta aliyewahi kufanya kazi ile anajua kitufe kile kilitumikaje. Nilisikiliza. Mwanzoni kwa udadisi, baadaye kwa kuagizwa. Bosi mmoja alikuwa akipita mlangoni jioni na kuniuliza, kama anayeuliza habari za nyumbani, leo fulani kapigiwa na nani. Nami nilimwambia.

Nasema haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini, nilipougua, sikuamini simu yoyote wala mtu yeyote aliyekuwa upande wa pili wa simu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, ya biashara kufunguliwa kwa wote, nayo ilikuwa imekwisha kukomaa. Mitumba ilijaa sokoni, redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kusikika, na mashirika yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Maofisini tulikuwa na neno moja tu, redandansi, kupunguzwa kazi. Kila wiki ilisemwa kwamba orodha ya watakaopunguzwa iko tayari, iko Dar es Salaam, iko njiani, iko kwenye droo ya mkurugenzi. Watu walianza kupunguza sauti wanapozungumza. Walionitembelea chumba cha simu kunywa chai wakaacha. Wengine walianza kunisalimia kwa heshima mno, kama ninayejua jambo. Sikujua chochote, na hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu niliyezoea kujua kila kitu nilikuwa nimebaki gizani kama wengine.

Nyumbani Makole tulikuwa watatu. Mume wangu alikuwa karani wa stesheni ya Zuzu, akienda na kurudi kwa baiskeli, mtu mkimya ambaye angeweza kumaliza chakula cha jioni kwa maneno manne. Mwingine alikuwa wifi yangu, dada yake mdogo, aliyekuja kujifunza ushonaji na kunisaidia kazi za ndani. Mtoto wetu alikuwa Bahi kwa mama yangu, anasoma huko.

Ugonjwa hauji ukijitambulisha. Mimi niliona tu kwamba usingizi umekatika. Wiki ya kwanza nikawa nalala kwa saa nne tu usiku, ya pili kwa saa mbili. Kisha nikaanza kuona vitu vinavyolingana. Wifi akienda dukani akachelewa, kesho yake bosi ananiangalia kwa jicho fulani. Mume wangu akimnong'oneza dada yake jikoni, mchana ule simu ya mkurugenzi inaita mara tatu kutoka namba moja. Nikaziunganisha zote kama nilivyozoea kuunganisha waya. Niliacha kula alichopika wifi. Nilikuwa nasema nimeshiba. Yeye akawa anapakua ugali, anakula kwanza upande wangu wa sahani, kisha ananisogezea. Leo najua alichokuwa anafanya. Wakati ule niliona ni ujanja wa mtu anayejua sumu ipo upande upi.

Asubuhi moja nikakuta namba ya simu imeandikwa kwa penseli pembeni mwa kalenda ya ukutani. Tarakimu tu, hakuna jina. Nikauliza ni ya nani. Wifi akasema hajui. Mume wangu akasema, "Labda ya fundi," akapanda baiskeli akaenda zake. Nikaifuta. Lakini mtu wa swichibodi hafuti namba kichwani.

Siku chache baadaye nikaisikia tena, safari hii redioni, jikoni kwa jirani. Mtangazaji wa kike alisema ni laini ya watu waliolemewa na mawazo, inafunguliwa kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni, mpigaji atasikilizwa bila kulipa na hataulizwa jina. Jirani akacheka, akasema wazungu wameleta na hii. Mimi sikucheka. Nilisimama na beseni langu nikiwaza: anayekuambia hataki jina lako ni yule ambaye tayari analo.

Kwa nini basi nilipiga? Nimejiuliza mara nyingi. Sikupiga kutafuta msaada. Nilipiga kuchunguza. Nilitaka kujua ni nani aliyeiweka namba ile nyumbani kwangu na anataka nini. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Karibu na posta palikuwa na kibanda cha simu ya kadi, kitu kipya wakati ule. Nilitoka kazini saa tisa na nusu, nikangoja hadi foleni iishe, nikapiga. Iliita mara mbili. Sauti ya mwanamke, mtu mzima, lafudhi ya watu wa ziwani, ikasema habari za jioni. Sikujibu. Nilikuwa nasikiliza nyuma yake, kama nilivyofundishwa na kazi. Hakukuwa na sauti ya opereta wala mlio wa laini inayochangiwa. Palikuwa na nyundo inayogonga bati, mapigo mafupi mafupi.

"Nipo," akasema yule mwanamke. "Si lazima useme kitu."

Nikaendelea kusikiliza nyuma yake. Kisha honi ya treni ikapiga, kubwa, ndani ya simu. Sikio langu jingine, lile lililokuwa nje, liliisikia honi hiyohiyo kwa mbali sana. Nikatazama saa. Treni ya magharibi ilikuwa imetoka stesheni muda mfupi uliopita. Mume wangu angeipokea Zuzu baadaye kidogo. Kwa hiyo huyu mwanamke alikuwa kando ya reli, nje kidogo ya mji, upande wa magharibi, mahali wanapogonga bati. Kizota. Nikakata simu. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miezi. Nilikuwa nimejua yeye alipo, naye hajui mimi nilipo.

Mara ya pili nilipiga nikiwa na maswali yangu. Nikamuuliza kama laini yake inapita kwa opereta. Akasema haipiti, ni laini ya moja kwa moja. Nikamuuliza nani anailipia. Akasema ni kikundi cha watu wa makanisa na wafadhili wa nje, mkataba wa miaka miwili. Nikamuuliza kama kuna ekstensheni, simu nyingine ndani ya nyumba ambayo mtu anaweza kuiinua akasikia.

"Sina hakika," akasema. "Ngoja nitazame."

Nikasikia akiweka mkono wa simu mezani. Nikasikia kiti kikisogezwa, hatua, mlango. Vipande vya muda kwenye kadi yangu vilikuwa vinapungua pale kwenye kioo kidogo cha simu. Akarudi akihema kidogo.

"Kuna waya mmoja tu. Unatoka ukutani unakuja hapa mezani. Nimeufuata mpaka nje kwenye nguzo."

Mtu mwenye akili timamu angefarijika. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza ni mtu gani anayekubali kuagizwa na sauti asiyoijua kwenda kufuata waya mpaka kwenye nguzo. Niliona lazima awe amefundishwa.

Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikasema naumwa jino. Nikaenda Kizota kwa miguu. Sikupata shida kuipata. Nilifuata sauti ya nyundo mpaka kwa fundi wa masanduku ya bati, na mkabala naye, ng'ambo ya njia ya vumbi, palikuwa na nyumba ya vyumba viwili yenye pazia la kijani mlangoni na waya mmoja wa simu ukitoka kwenye nguzo. Hapakuwa na kibao. Nikajifanya nataka sanduku la mtoto wa shule ya bweni. Nikachagua, nikakataa, nikachagua tena, jicho langu likiwa kwenye pazia. Nikamuuliza fundi pale mkabala wanauza nini.

Alikuwa Mgogo mwenzangu, mtu wa makamo, akanijibu bila kuacha kukunja bati. Alisema hajui. Alisema kuna watu wachache huwa wanaingia wanalia, na wakitoka wanakuwa wamenyamaza.

"Sijui huwa wanawapa nini," akasema.

Maneno hayo yaliniingia kama maji ya baridi. Na kabla sijayameza, mwanamke akaja kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akafungua kufuli la mlango. Alivaa sweta la buluu juu ya gauni jeupe. Sweta lile nililijua. Mji mzima uliyajua masweta yale. Waliyavaa wauguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mtu asiyekulia Dodoma hawezi kujua jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Watoto wakigombana, jina la hospitali ile ndilo tusi. Mke akimkasirikia mumewe, ndilo analomtupia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliunganisha mara nyingi kwenye swichibodi, na kila mara nilikuwa nikilitamka haraka. Sikuwahi kufika kule wala kumjua mtu aliyedhurika kule. Nilikuwa na hofu tu, ile tuliyogawiwa wote utotoni. Basi pale mbele ya masanduku nikaona picha nzima: wanatangaza redioni, watu wanapiga, wanatajwa, wanachukuliwa. Mtu akipelekwa kule, nani ataandika barua kulalamikia kupunguzwa kazi? Nilimwacha fundi na sanduku lake mkononi nikaondoka.

Siku kumi zilizofuata nazikumbuka vipandevipande. Nilikuwa nakwenda kazini, nakaa, nachomeka waya. Nilianza kusikia jina langu katika simu za watu. Wakati mwingine lilikuwa neno jingine linalofanana nalo, nadhani. Wakati mwingine sijui. Na polepole likaja wazo lile jingine, bila kelele, kama mgeni aliyeingia akakaa: kwamba nisingekuwepo, orodha isingekuwa na kazi na mimi, na mume wangu asingenong'ona tena jikoni. Halikunitisha. Hilo ndilo baya lake. Lilionekana kama jambo la busara.

Ijumaa moja, kama saa nane mchana, taa ya mkurugenzi ikawaka. Nikaunganisha, na sikutoka kwenye laini. Nikasikia sauti ikisema "orodha", kisha ikasema "na yule wa simu". Mpaka leo siwezi kuapa kwamba ilisema hivyo. Nilishika nyaya zote kwa mikono miwili nikazivuta. Ofisi nzima ikakatika. Milango ikaanza kufunguka kwenye korido mmoja baada ya mwingine. Watu wakasimama mlangoni kwangu wakinitazama. Hakuna aliyenigusa. Bosi yule wa jioni akasema kwa upole nichukue mkoba wangu niende nikapumzike.

Sikwenda nyumbani. Nilitembea tu mjini, sijui kwa muda gani, nikapita stendi, nikapita sokoni, na wazo lile likitembea nami. Nilipofika karibu na posta nikaona kibanda kiko wazi. Kadi yangu ilikuwa na vipande vichache sana. Nikapiga. Kama nilivyojiambia, sikupiga kuomba chochote. Nilitaka tu wajue kwamba nawajua.

"Wewe ni nesi wa kule," nikasema alipoitika.

"Ndiyo," akasema. "Asubuhi nafanya kazi kule. Jioni nakaa hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli sikuwa nimejiandaa.

Kisha akauliza, "Ni wewe uliyesimama kwa fundi masanduku?"

Nikashika ukingo wa kibanda. Nikamuuliza kama aliniona kwa nini hakunifuata.

"Hukuniita," akasema.

Nimeyatafakari maneno hayo miaka mingi. Alikuwa ameniona, alikuwa amehisi ni mimi, na alikuwa ameniacha niende. Kwa mtu anayeamini kwamba anawindwa, hakuna jambo gumu kulieleza kama hilo. Ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, na aliliuliza kama mtu anayeuliza kama umekula.

"Mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

Nikasema ndiyo. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyekaa chumba kingine. Baada ya kusema, nikaanza kulia pale kibandani, watu wakipita.

Hakunihubiria. Hakuniambia nimfikirie mtoto. Aliniuliza niko wapi. Nikasema kwanza aniambie atafanya nini akijua. Akasema atakuja yeye mwenyewe, peke yake, kwa baiskeli, tukae mahali penye watu tuzungumze. Kwamba hatamwita polisi wala gari. Na kwamba kama ataona lazima amwambie mtu mwingine, ataniambia mimi kwanza, kabla hajafanya. Akarudia hilo mara mbili. Simu ikaanza kulia mlio wa kadi kwisha. Nilikuwa na sekunde chache za kuamua, na sikuwa na ushahidi wowote, wa kumwamini wala wa kumkataa. Nikasema, "Posta." Laini ikakatika.

Nikangoja nikiwa nimesimama mahali ambapo ningeweza kukimbia pande mbili. Nilichunguza kila gari. Baada ya muda nikamwona akija kutoka upande wa reli, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi juu ya baiskeli ya kiume, sweta lake limefunguka, anakanyaga kwa taabu dhidi ya upepo wa vumbi. Nyuma yake hakuna mtu. Nilitazama nyuma yake kwa muda mrefu kabla ya kumtazama yeye.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniomba tukae kwenye ngazi za posta kwa sababu amechoka. Alikaa hatua moja chini yangu, akiacha njia ya kushukia wazi. Aliniuliza nani yupo nyumbani saa ile. Nikasema wifi, na nikamweleza kwa nini siwezi kurudi kwa wifi. Akasikiliza yote, chakula, minong'ono, duka. Hakubisha hata moja. Mwishoni akauliza, "Amewahi kukufanyia jambo gani baya, uliloliona kwa macho?" Nikafikiri kwa haki. Nikatafuta mwaka mzima. Sikupata. Hilo halikuniondolea shaka, lakini kwa mara ya kwanza niliiona shaka yenyewe, imekaa kando yangu, haina cha kusimamia.

Akasema angependa kunisindikiza na kumwambia wifi kwamba nisiachwe peke yangu mpaka nionane na daktari. "Nakuambia wewe kwanza," akasema, "kama nilivyoahidi." Akangoja. Nikakubali, kwa kutikisa kichwa tu.

Wifi alitupokea mlangoni. Alimtazama yule mwanamke, akalitazama sweta. Akaketi kwenye kizingiti kama mtu aliyetua ndoo. Mume wangu aliporudi kutoka Zuzu alitukuta sote watatu sebuleni. Ndipo alipokiri kwamba ni yeye aliyeandika ile namba kwenye kalenda. Aliisikia kwenye redio ya stesheni, akashindwa kusema, akaona nikiikuta mwenyewe ni heshima zaidi. Nikamwambia kwamba alinitisha vibaya. Akasema, "Nami nilikuwa naogopa." Maneno matatu tu, na kwake yeye yalikuwa hotuba.

Siku tatu zile kabla ya kliniki wifi aliweka mkeka wake mlangoni kwangu. Niliona ananilinda, na dakika nyingine niliona ananifungia. Yote mawili niliyahisi kwa saa moja.

Jumanne tulikwenda hospitali ile, mimi na mume wangu. Nilijifunika khanga mpaka puani ingawa jua lilikuwa kali. Nilitegemea kuta za kutisha. Nikakuta miti, mabenchi, na foleni ya watu wenye kadi mikononi kama foleni ya wagonjwa wa malaria. Nilikaa mwisho wa benchi, nikainua macho, na aliyekaa mbele yangu alikuwa mkuu wa masjala wa ofisini kwetu. Mzee yule alikuwa akiniletea kila asubuhi barua zenye namba za kupigiwa simu. Nikataka kuondoka. Lakini alikuwa ameshaniona, kwa hiyo nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia marahaba, akasema amemleta ndugu yake. Hakukuwa na ndugu. Kadi ilikuwa mkononi mwake na ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kwamba daktari wa chumba cha pili husikiliza zaidi, nisubiri huyo. Alikuwa amekuja pale miaka yote ile, na mimi niliyesikiliza simu za ofisi nzima sikuwa nimejua.

Daktari wa chumba cha pili alikuwa kijana. Alipoanza kuandika nikamwambia sitasema neno mpaka nijue anaandika nini. Nilidhani atakasirika. Akaigeuza kadi upande wangu, akawa anaandika huku mimi nasoma, kinyumenyume kwake, herufi zake zikipinda. Aliandika kwamba silali, kwamba nasikia jina langu, kwamba nafikiria kufa, kwamba nina hofu ya kupunguzwa kazi na kwamba hofu hiyo ina msingi. Nikamwomba hilo la mwisho alipigie mstari. Akalipigia.

Vidonge sikuviamini. Siku za mwanzo nilivificha chini ya ulimi nikavitema bafuni. Siku ya tano wifi alinikuta. Hakuniripoti kwa kaka yake. Aliniletea maji mengine na kusema nijaribu wiki moja, nikiona ni sumu atanisaidia kuvitupa chooni yeye mwenyewe. Nikajaribu. Nililala. Midomo ilikauka, mikono ilitetemeka, nikalalamika, daktari akapunguza. Baada ya kama mwezi na nusu, nikiwa nachambua mchele uliotoka Bahi, nikagundua nimekula tangu asubuhi bila kutazama nani alipika.

Orodha ikatoka kabla ya mvua. Jina langu lilikuwamo. Swichibodi yenyewe ilitolewa, wakaweka mashine inayojiunganisha. Siku hiyo nikaenda Kizota, nikamwambia yule nesi kwamba niliyokuwa nayaogopa yote yalikuwa kweli. Nilisema kwa hasira, kama nimemshinda kesi.

"Ulikuwa na sababu ya kuogopa," akasema. "Na ulikuwa mgonjwa. Vyote viwili. Kimoja hakifuti kingine."

Nilimwona mara chache tena. Mkataba ule wa miaka miwili ulikwisha na laini ikafungwa. Nilipopita nikakuta pazia halipo na chumba kimejaa magunia ya mahindi. Yeye nikasikia amehamishwa kwenda kwao ziwani. Sikuwahi kumuuliza jina. Zamu yangu ya kutouliza.

Mimi na mume wangu tulihamia Bahi kwa misimu mitatu, tukalima mpunga, kisha tukarudi mjini nikafungua duka la vifaa vya ushonaji pamoja na wifi. Dawa niliziacha kwa ruhusa ya daktari. Tabia ya kutega sikio haikuniacha. Mpaka leo mteja akinipa sifa nyingi natafuta anachotaka, na mara nyingi nagundua kuwa hakutaka kitu.

Miaka kadhaa baadaye usingizi ukakatika tena. Usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Siku ya nne asubuhi wifi aliniuliza mbona nageuza sahani kabla ya kula. Nilioga, nikavaa, safari hii bila khanga usoni, nikaenda kwa miguu mpaka kwenye lango la hospitali. Karani wa dirishani, msichana nisiyemjua, akachukua kalamu, akauliza jina. Nilimtazama mkono wake, nikatazama nyuma yake kuona nani anasikiliza. Alikuwapo mwenzake, anakunywa chai.

Nikamtajia, majina yote matatu, akaniomba nirudie la mwisho, nikarudia.